Mshike Mkono, Kisha Umwulize





Siku ile mliposimama mbele ya altare, kila mmoja aliahidi kumpenda mwenzake akiwa mzima na akiwa mgonjwa. Wengi wetu tulipotamka ahadi hiyo tuliwaza magonjwa yanayojulikana: malaria, mguu uliovunjika, au macho ya uzeeni. Magonjwa hayo hayana aibu. Majirani hupiga hodi, Jumuiya Ndogo ya Kikristo huja kusali, na mama mkwe hutuma kuku.

Lakini yako magonjwa mengine ambayo huingia nyumbani yamevaa nguo za dhambi. Mgonjwa huonekana mvivu, au mlevi, au mkaidi. Na mwenzake, badala ya kumwuguza, humhukumu. Leo nataka tuongee juu ya magonjwa ya namna hiyo, hasa pale yanapokuja mawili kwa mtu mmoja.

NYUMBA MOJA

Nitawaelezeni habari ya nyumba moja. Ichukueni kama mfano, wala msitafute ni ya nani.

Mume ni mtu wa Kitui ya kusini, upande wa Ikutha. Mke ni wa Makueni, karibu na Kibwezi. Walikutana Mombasa, ambako watu wa Ukambani wamekwenda kutafuta kazi tangu zamani za babu zetu. Kabla ya kukutana na mume wake, mke alikuwa amevuta heroini, ile iitwayo unga, kwa miaka minne. Hakumficha mchumba wake jambo hilo. Alimweleza yote, tena alimweleza kwamba ameuacha unga na anatibiwa kwa dawa iitwayo methadoni. Mume alifikiri, akasali, akasema, “Nimekubali.” Wakafunga ndoa kanisani.

Methadoni hunywewa kliniki kila siku, mbele ya mhudumu. Basi kila Desemba mume alipanda basi peke yake kwenda nyumbani, akashuka Kibwezi, akashika ile barabara ya kwenda Ikutha na Mutomo. Mama yake akiuliza, “Mke yuko wapi?” hujibu, “Ana kazi.” Mwaka wa pili, “Ana kazi.” Mwaka wa tatu mama alisema, “Kazi gani hiyo isiyojua Krismasi?” Na mwana hakuwa na jibu.

Mwaka huohuo mke alianza kubadilika. Alilala mapema na kuamka amechoka. Uso ulivimba, mwili ukanenepa ingawa alikula kidogo. Nywele zilikatika kila alipochana. Choo kilimsumbua. Alisahau maneno aliyoambiwa asubuhi. Siku zake za mwezi zilivurugika, na ile mimba waliyoitazamia haikuja. Jioni mume aliporudi kutoka kazini alimkuta amesinzia kitini, sufuria imeungua jikoni.

Mume alikumbuka mambo aliyosimuliwa zamani: mtu wa unga husinzia. Akaanza kupekua mkoba. Akaanza kuhesabu fedha za matumizi. Siku moja alimfuata nyuma kwa siri hadi mlango wa kliniki. Hakuona kitu. Hata hivyo usiku ule alitamka neno lililokuwa likimkaa kooni: “Umerudi kwenye unga.”

Mke hakulia wala hakujitetea. Alinyamaza siku tatu. Siku ya nne alikaa kitandani, hakwenda kunywa dawa. Alisema moyoni, “Kama nimekwisha hukumiwa, nahangaikia nini?”

Wapendwa, hapo ndipo nyumba ile ilipokuwa karibu kuanguka. Heroini haikuwamo. Neno moja la hukumu lilikuwa likimsukuma mwenye kupona arudi shimoni.

UGONJWA ULIOJIFICHA

Siku ya tano alirudi kliniki. Muuguzi mmoja alimtazama, akaona jambo dogo: ni mwezi wa Machi, Mombasa inawaka jua, na mama huyu amevaa sweta. “Mama, unasikia baridi?” Akajibu, “Kila siku.” Tena sauti yake ilikuwa nzito, kama ya mtu mwenye mafua. Mkojo wake ulipimwa. Haukuwa na heroini. Daktari akaagiza damu ipimwe. Ikaonekana kwamba ana ugonjwa wa tezi ya shingo.

Tezi hiyo, ambayo madaktari huiita thairoidi, iko mbele ya koo, chini kidogo ya kongomeo. Kazi yake ni kutoa homoni zinazouambia mwili uende kwa kasi gani: moyo upige vipi, joto liwe kiasi gani, chakula kisagwe upesi au polepole. Wazee wetu walilijua rovu, yaani shingo kuvimba, na tulifundishwa kwamba huletwa na upungufu wa iodini. Ndiyo sababu chumvi ya dukani hutiwa iodini. Lakini ugonjwa wa mama huyu ni wa namna nyingine, wala chumvi haiuponyi.

Mungu ameweka katika mwili askari wa kuulinda na vijidudu. Katika ugonjwa huu askari hao hukosea, wakamwona mwenye nyumba kuwa mwizi. Huishambulia tezi, kidogo kidogo, mwaka hata mwaka, mpaka ishindwe kufanya kazi yake. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Daktari wa Kijapani, Hakaru Hashimoto, ndiye aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1912, na hata leo huitwa kwa jina lake. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na mara nyingi huandama ukoo. Si laana. Hauambukizwi. Wala haukuletwa na unga aliovuta zamani.

Upo na ndugu yake, ugonjwa wa Graves. Huko askari walewale huichochea tezi ifanye kazi kupita kiasi. Mgonjwa hukonda, hutoka jasho, mikono hutetemeka, moyo humwenda mbio, usingizi humpotea, tumbo huharisha.

Sasa angalieni mtego ulipo. Anayeuguzwa na Hashimoto huonekana kama mtu aliyelewa unga: amechoka, amesinzia, amepoa. Anayeuguzwa na Graves huonekana kama mtu aliyeukosa unga, mwenye ile hali ambayo vijana wa Pwani huiita arosto: anatetemeka, anatoka jasho, hatulii. Tena methadoni yenyewe huweza kufunga choo, kuleta usingizi, jasho na unene. Basi hata mganga mwenye haraka anaweza kukosea, sembuse mume aliyejawa na hofu? Jicho la nyumbani haliwezi kutenganisha mambo haya. Damu ikipimwa ndipo hutenganishwa.

JE, METHADONI SI UNGA ULIOBADILISHWA JINA?

Swali hili huulizwa sana, hata na waamini wazuri. Tulijibu kwa utulivu.

Heroini hukaa mwilini saa chache tu. Mtu hupanda na kushuka, hupanda na kushuka, na mchana wake wote huishia katika kutafuta fedha ya kipimo kinachofuata. Methadoni nayo ni ya jamii moja na dawa hizo, lakini hunywewa, hukaa siku nzima na zaidi, na ikipimwa vizuri haimleweshi mtu. Humtuliza, akaweza kufanya kazi, kulea watoto, kusali. Madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander walianza kutibu watu hivyo kule New York katika miaka ya 1960. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliiweka methadoni katika orodha ya dawa za lazima. Kwa jirani zetu Tanzania, hospitali ya Muhimbili ilianza mwaka 2011. Hapa Kenya ilianza Desemba 2014 katika hospitali ya Mathari, Nairobi, kisha Malindi mwaka 2015, na baadaye Mombasa na kwingineko.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2291, inayahesabu matumizi ya madawa ya kulevya kuwa kosa kubwa, lakini inayatenga na yale yanayotumika kwa tiba ya kweli. Basi mume au mke anayekunywa methadoni kwa maagizo ya daktari haishi katika dhambi kwa sababu ya dawa hiyo. Asizuiwe kukaribia meza ya Bwana kwa sababu ya dawa hiyo. Wala asiambiwe, “Kama una imani, iache leo.” Kuiacha ghafula humtesa mtu, na wengi walioiacha hivyo walirudi kwenye unga. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatufundisha kumheshimu tabibu, kwa kuwa Mungu ndiye aliyemweka, na dawa zimetoka katika ardhi aliyoiumba Mungu. Anatuambia tusali, tutubu, kisha tumwachie tabibu nafasi. Mambo hayo yote yafanyike pamoja.

YESU ALIULIZA

Fungueni Injili ya Marko, sura ya 8, kuanzia aya ya 22. Watu wa Bethsaida walimletea Yesu kipofu. Yesu angeweza kusema neno moja tu. Lakini tazameni alivyofanya.

Kwanza, alimshika mkono akamtoa nje ya kijiji. Hakumponya mbele ya macho ya watu wanaopenda kuona na kusema. Alimheshimu.

Pili, alimwekea mikono, kisha akamwuliza kama anaona kitu. Mwana wa Mungu, anayejua yote, aliuliza! Yule mtu akajibu kwa ukweli: anaona watu, lakini wanafanana na miti inayotembea. Hakudanganya ili ampendeze Bwana. Alijua kwamba hatakemewa.

Tatu, Yesu alimwekea mikono mara ya pili. Hakusema, “Nimekwisha kukuponya, mbona bado?” Uponyaji wa mtu huyu ulikuja kwa hatua, na Yesu hakuona aibu juu ya hatua hizo.

Wanandoa, hapo ndipo pana somo letu. Mwenzako aliyeacha unga naye anapona kwa hatua. Mwenye ugonjwa wa tezi naye hapati nguvu siku anapomeza kidonge cha kwanza, huchukua majuma. Kazi yako ni hiyo ya Bethsaida: umshike mkono, umtoe mbele ya midomo ya watu, kisha umwulize. Mume wa mfano wetu alipekua, alihesabu, alifuata kwa siri, hakuuliza. Angeuliza, “Mke wangu, unajisikiaje mwilini?” angesikia habari ya baridi, ya nywele, ya choo, miezi mingi kabla ya muuguzi.

Ninyi watu wa Kitui na Makueni mnajua mito yetu. Mgeni akipita wakati wa kiangazi huona mchanga mtupu, akasema, “Huu umekufa.” Mwenyeji huchimba kidogo kwa mikono, akangoja, maji yakachuruzika. Usimhukumu mwenzako kwa mchanga wa juu.

Pengine mtasema, “Na kama kweli amerudi kwenye unga?” Huweza kutokea, wala sisemi mjifanye vipofu. Lakini hata hapo, anayeulizwa kwa upole huweza kukiri, na anayewindwa hujifunza kuficha vizuri zaidi. Akikiri, nendeni kliniki pamoja siku hiyohiyo. Kuanguka tena ni sehemu ya ugonjwa huu kwa wengi, na dawa yake ni kurudi kwenye matibabu.

MTAKATIFU ALIYENYIMWA EKARISTI

Nitawapeni rafiki wa kuwaombea. Kule China aliishi daktari Mkatoliki, baba wa familia, jina lake Marko Ji Tianxiang, aliyezaliwa mwaka 1834. Aliwatibu maskini bila malipo. Akaugua tumbo, akajitibu kwa afyuni, kama ilivyokuwa desturi ya siku zile, na afyuni ikamfunga. Alikwenda kuungama tena na tena. Mwishowe padre wake alikataa kumpa ondoleo, akidhani hana nia ya kweli. Siku zile hawakujua kama tujuavyo leo kwamba uraibu ni ugonjwa. Kwa miaka 30 Marko hakupokea Ekaristi, na kwa miaka 30 hakuacha kusali wala kwenda kanisani. Mwaka 1900, katika mateso ya Wakristo, alikamatwa pamoja na watu wa nyumba yake. Inasimuliwa kwamba aliomba auawe wa mwisho, ili asiwepo mtu wa nyumbani mwake atakayekufa peke yake. Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000.

Mtu aliyefungiwa mlango kwa miaka 30 leo anaombwa altareni. Tuangalie basi tusifunge mlango wa chumba chetu cha kulala kwa namna hiyohiyo.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

1. Semeni yote kwa madaktari wote. Daktari wa tezi ajue habari ya methadoni, na kliniki ya methadoni ijue habari ya tezi. Mficha uchi hazai. Methadoni huweza kubadilisha baadhi ya vipimo vya damu vya tezi, kwa hiyo daktari akijua atatazama kipimo kiitwacho TSH na homoni iliyo huru, asidanganyike. Na mmoja wenu akianza dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini, semeni upesi, kwa kuwa hupunguza nguvu za methadoni na za kidonge cha tezi pia.

2. Mpango wa asubuhi. Kidonge cha Hashimoto huitwa levothairoksini. Humezwa kila siku, tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu. Chai ya maziwa na chakula vingoje nusu saa hadi saa nzima. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalisi vingoje saa nne. Nyumba nyingi huona vizuri kumeza saa kumi na moja alfajiri, kunywa chai saa kumi na mbili, kisha kwenda kliniki. Baada ya majuma kama sita damu hupimwa tena, kwa maana kipimo hurekebishwa hatua kwa hatua. Kwa walio wengi dawa hii ni ya maisha yote. Mtu akijisikia vizuri asiiache.

3. Misa ya alfajiri. Wengine huogopa kwamba kidonge kitavunja mfungo wa Ekaristi. La! Sheria ya Kanisa, kanuni ya 919, inaruhusu maji na dawa kabla ya Komunyo.

4. Hatari za kujua. Methadoni isichanganywe na pombe wala vidonge vya usingizi. Na tezi iliyolegea humfanya mtu alemewe zaidi na dawa za namna hii. Mkiona mgonjwa haamki akiitwa, anapumua polepole mno, midomo imebadilika rangi, msingoje asubuhi: mpelekeni hospitali mara moja. Aliyekosa methadoni siku kadhaa asirudie kipimo chake cha zamani bila kuonwa kliniki. Na anayetumia dawa za Graves akishikwa na homa na koo kuuma, amwone daktari siku hiyohiyo.

5. Nyumbani Ukambani. Kabla ya safari yoyote, ulizeni kliniki mapema juu ya dawa. Kwa ugonjwa wa tezi, mnaweza kuanza kuuliza katika hospitali zilizo karibu. Mutomo iko hospitali ya misheni iliyowekwa chini ya ulinzi wa Bikira Maria wa Lurdi, na sikukuu yake, tarehe 11 Februari, ndiyo Siku ya Wagonjwa Duniani iliyowekwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 1992. Siku hiyo pelekeni mgonjwa wenu kwenye Misa, naye apakwe mafuta matakatifu ikiwa padre anaona inafaa.

KUHUSU CHUMBA CHENU NA WATOTO

Nisiposema juu ya hili nitakuwa nimewaacha nusu ya njia. Tezi iliyolegea hupunguza hamu ya tendo la ndoa, na methadoni pia huweza kuipunguza, kwa mwanamume na kwa mwanamke. Usiseme, “Hanipendi tena,” au, “Ana mwingine.” Semeni na daktari bila aibu, kwa kuwa mengi hurekebishika. Wakati mnangoja, msiache kulala karibu, kushikana mikono na kusali pamoja.

Tezi isiyotibiwa huweza kuzuia mimba au kuiharibu. Ikitibiwa vizuri, wengi hupata watoto. Mama akishika mimba aende kwa daktari mapema, kwa sababu kidonge cha tezi mara nyingi huongezwa. Wala asiache methadoni kwa kumwogopea mtoto. Kuacha ghafula ndiko kunakoweza kumdhuru. Mtoto akizaliwa huenda akahitaji kuangaliwa siku kadhaa hospitalini, na wahudumu wanajua la kufanya.

NAO WALE WA MFANO WETU?

Mume alipoambiwa matokeo ya damu alikaa kimya kwenye benchi la hospitali. Kisha akasema, “Nilikuonea.” Mke akajibu, “Ulinionea. Lakini umekuja.” Walikwenda pamoja kwa padre kupokea Kitubio, kila mmoja kwa zamu yake. Tangu siku ile mume ndiye anayeamka saa kumi na moja, akaleta kidonge na kikombe cha maji. Mkoba wa mke haupekui tena.

Lilibaki jambo la Ikutha. Kwetu mke hawezi kuongea na wakwe zake jambo lolote ajisikialo, kwa heshima ya ukweni. Ilimpasa mume aseme, tena kwa ruhusa ya mke wake, kwa maana siri ile ni ya mke. Wakapatana maneno gani yasemwe na yapi yabaki. Akaenda, akaketi na mama yake jikoni. “Mwaitu, miaka mitatu nimekudanganya. Mke wangu hana kazi ya Krismasi. Ana dawa ambayo lazima ainywe kila siku kule, na sasa ameugua na tezi ya shingo.”

Mama alikaa muda mrefu akichochea moto. Akauliza swali moja tu: “Na wewe unamtunza?”

“Sasa ndiyo.”

“Basi kama yeye hawezi kuja, mimi siwezi kupanda basi?”

Krismasi ile mama alishuka Mombasa na kifurushi cha muthokoi na jogoo aliyefungwa miguu. Mimba bado haijaja. Wanangoja. Lakini wanangoja wakiwa wawili, na kila jioni mume huuliza, “Leo unajisikiaje?” naye mke hujibu ukweli.

YA KUJADILIANA MUME NA MKE

Kaeni jioni moja bila redio, watoto wakiwa wamelala.

1. Ni jambo gani la mwili wangu ninaloogopa kukuambia? Kwa nini naogopa?

2. Je, nimewahi kukupekua badala ya kukuuliza? Nikuombe msamaha leo?

3. Ni nani katika ukoo wetu anayestahili kujua habari zetu, na nani hastahili? Tumekubaliana?

4. Katika Jumuiya yetu, je, tunamwita mtu anayepona kwa jina lake la ubatizo, au bado tunamwita teja?

SALA

Ee Bwana Yesu, uliyemshika mkono kipofu wa Bethsaida na kumtoa nje ya kijiji, utushike na sisi. Utufundishe kuulizana kabla ya kuhukumiana. Uwape subira wanaopona kwa hatua, na uwape macho wanaowauguza. Uwabariki waganga, wauguzi na wote wanaowahudumia walioacha unga. Kwa maombezi ya Mama Maria, Afya ya Wagonjwa, na ya Mtakatifu Marko Ji, uzilinde nyumba zetu za Kitui na Makueni, na za watoto wetu walio mbali. Amina.